Herufi za Msasa

Buterere, tarehe 11 mwezi wa pili, 2024

Mdogo wangu Huguette,

Salamu nyingi, nikitumaini zitakukuta mzima huko Kalemie, wewe na biashara yako ya vitenge. Sisi huku tunapumua. Mvua imeturudia, na maji yamekaa ndani ya nyumba yetu kama mgeni asiyejua kuaga. Sasa yameondoka, yametuachia matope na vyura. Mjomba Cirimwami bado analinda depo kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, na bado anakoroma mpaka majirani wanajua amelalia ubavu gani. Anakusalimu. Anasema ukirudi bila samaki wakavu usipite mbele ya mlango wake.

Namba yako ya simu haipiti tangu Noeli. Nikaona niandike kama watu wa zamani. Uthmani, yule fundi wa Buyenzi anayetengeneza mashine za meli, amekubali kuwa tarishi wetu kila meli ya mizigo inapokuja kwenu. Ndiye pia anayeniletea vifaa vya darasani, na hapo ndipo ninapokupeleka, maana najua unangoja habari za binti yako nami nakuzungusha makusudi.

Joëlla yuko katika darasa langu la maternelle, la watoto wadogo, tangu mwezi wa tisa. Directeur wa shule yetu, bwana Méthode, anataka watoto wakae mbele ya ubao wakiimba A mpaka Z kama kwaya. Mimi sikubali. Mtoto wa miaka minne ataimba vizuri sana, halafu ukimwonyesha B atakwambia ni kiti. Herufi inabidi aishike. Basi magereji ya Buyenzi yanatupa karatasi za msasa zilizochakaa kwa kusugulia magari, na Uthmani ananikusanyia. Ninakata herufi kubwa, ninazibandika juu ya katoni, na mtoto anapitisha kidole juu yake huku anatoa sauti yake. Kisha tunacheza. Herufi zote zinaingia katika mfuko wa mchele. Mtoto anafungwa kitambaa machoni, anatia mkono, anapapasa, anataja. Akipatia, anapigiwa makofi. Akikosa, anaruka kama chura mpaka mlangoni, nao hapo wanacheka hadi wengine wanakosea kwa kusudi.

Binti yako hajaruka hata mara moja. Hakuna anayemshinda. Wengine wakifungwa kitambaa wanababaika, yeye anatulia, anageuza shingo pembeni, na vidole vyake vinatembea. Juzi akasema, "Iyi ni S, iko na matumbo mbili." Nilijivuna mbele ya walimu wenzangu mpaka Spéciose wa darasa la pili akanikasirikia.

Jambo moja tu linanisumbua, ni machozi. Akitoka nje mchana macho yake yanatiririka, anaficha uso katika kitenge changu. Anapenda kukaa nyuma ya mlango, penye giza. Nafikiri anakulilia wewe. Macho yenyewe unayajua, yale makubwa ya marehemu mama yetu, na yamezidi kuwa mazuri. Watu wanasimama njiani kuyasifu, mtaa mzima unamwita Maso, yaani Macho. Njoo Pasaka, hata kwa siku chache, machozi hayo yakauke.

Yaya yako, dada yako mkubwa,
Consolée


Kalemie, tarehe 20 mwezi wa tatu, 2024

Yaya Consolée,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata mkononi mwa Uthmani, nimeisoma nikiwa nimesimama palepale bandarini. Nimecheka sana habari za mjomba. Mwambie samaki wapo, asijali.

Mimi sijambo. Biashara inaendelea, na nimepata nyumba nzuri ya matofali, yenye dirisha linalotazama ziwa. Mvua huku ni nyingi pia. Ile laini ya simu ilipotea, usiipigie tena. Barua zinatosha, ila umpe Uthmani peke yake.

Pasaka sitaweza. Kuna mambo hapa siwezi kuyaacha sasa hivi. Mwambie Joëlla asilie, mwambie mama anakuja. Usimtajie siku. Nimempa Uthmani gauni lake, nimechagua la njano lenye maua madogo mekundu kifuani, ayahesabu akikosa la kufanya. Habari ya mfuko wa herufi ilinifurahisha mno, nikatamani kumsimulia mtu hapa nyumbani, kisha nikanyamaza.

Mfundishe herufi za "mama". Nikija, nataka anionyeshe.

Mdogo wako,
Huguette


Buterere, tarehe 28 mwezi wa nne, 2024

Mdogo wangu Huguette,

Nakusalimu. Mjomba mzima, mimi mzima. Siku nyingine ningekutania kuhusu hiyo nyumba ya matofali, na huyo mtu wa nyumbani ambaye mbele yake ulinyamaza. Leo sina mdomo wa kutania. Uthmani hasafiri, meli yao inangoja kipuri, na mimi siwezi kungoja. Barua hii nampa baharia wa meli nyingine. Nimemwandikia jina lako na mtaa wako.

Gauni lilifika. Joëlla alilivaa, akalinusa, akazungusha mkono kifuani. Nilimwambia ahesabu maua. Akaniuliza, "Maua iko wapi, mama mukubwa?" Nilimwambia aache utani.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni kutoka ofisi ya elimu kutazama maternelle. Méthode alitaka kumwonyesha kwamba watoto wetu wanasoma, akaandika herufi kubwa kwa chaki ubao mzima. Mimi nikamtoa fahari yangu. Nikasema, Joëlla, nenda utuonyeshe M. Alikwenda mikono ikiwa mbele. Aligusa ukuta kwanza, akaufuata ukuta mpaka kwenye ubao, kisha akaanza kuupapasa kwa viganja vyote viwili, polepole, kutoka ukingoni. Kila alipopita, herufi ilifutika. M ilifutika chini ya mkono wake. Akasema, "Apa ni laini tu. Mama mukubwa, mi siione kitu. Balipeleka wapi ile ya kukwaruza?"

Watoto walicheka. Mgeni alicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, Huguette, na kicheko hicho hakinitoki masikioni. Kisha akageuka kunitafuta, chaki imejaa shavuni, akatazama upande ambao sikuwepo.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho kesho yake. Mama mmoja mpole, alimulika, akapima, akaandika muda mrefu. Anasema ni presha ndani ya macho. Maji ya jicho yanazidi na hayapati pa kutokea, na kwa kuwa jicho la mtoto mchanga bado linavutika, linapanuka. Ndiyo macho makubwa tuliyokuwa tukiyasifu. Mwanga unamchoma, ndiyo maana ya machozi na ya kukaa nyuma ya mlango. Hakuwa anakulilia. Daktari aliniuliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo mwenye ugonjwa huo, nikamkumbuka mama yetu alivyokuwa akipapasa kuta mwishoni, nasi tukisema ni uchovu na kilio cha vita.

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiwa na mwanga kidogo katikati, kama mtu anayechungulia katika tundu la kufuli. Daktari atalipasua kujaribu kulizuia, lakini alisema wazi kwamba angeletwa akiwa anatambaa yangekuwa mengine. Kilichopotea hakirudi.

Na mimi nilikuwa naye kila siku. Mchezo wangu ndio ulionifichia ugonjwa. Wenzake wakifungwa kitambaa walipoteza kitu, yeye hakupoteza chochote, ndiyo maana aliwashinda. Nilimpigia makofi kwa kutoona.

Njoo. Sikuombi kitu kingine. Binti yako bado anaweza kuuona uso ukimkaribia sana, pua kwa pua. Njoo auone wako kabla tundu halijafunga.

Consolée


Kalemie, tarehe 2 mwezi wa sita, 2024

Kwa dada yangu mpendwa Consolée,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninakuandikia kukujulisha kwamba sisi wote hapa ni wazima, tukitumaini nanyi ni wazima pamoja na mjomba.

Mume wangu Léonce anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyeipokea barua yako kwa yule baharia, akanisomea, kwa sababu siku hizo nilikuwa nimelala. Hali yangu ya sasa ni ya kulala sana. Tumesikitika kwa ugonjwa wa mtoto wako Joëlla. Léonce aliuliza kwa nini umeandika "binti yako", nami nikamweleza kwamba katika ukoo wetu mtoto wa dada ni mtoto wako pia, ndivyo tunavyoitana. Ameelewa. Amesema ni desturi nzuri.

Safari haiwezekani katika hali yangu. Tunamwombea mtoto, na tunakuombea wewe mama yake upate nguvu.

Ni sisi,
Huguette na Léonce


Kalemie, tarehe 25 mwezi wa sita, 2024

Yaya,

Hii nampa Uthmani mkononi, kiganja kwa kiganja. Isome peke yako, kisha uichome.

Najua ulivyoisoma ile nyingine. Léonce alikuwa ameketi kando yangu nikiandika. Si mtu mbaya, yaya. Ananiheshimu, hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini tangu siku ya kwanza alisema hawezi kuoa mwanamke aliyezaa na mwanamume mwingine, na mimi nilikuwa nimechoka kuuza vitenge juani na kulala kwenye veranda za watu. Nikasema sijazaa. Nilifikiri nitamwambia baada ya harusi. Kisha nikafikiri nitamwambia nikishika mimba, kwa sababu hapo hatanifukuza. Sasa mimba ni kubwa, nami ndiyo naogopa zaidi.

Nimesoma barua yako mara nyingi chooni. Mara ya kwanza nilikutukana. Nilisema, huyu ni mwalimu, anakaa naye kutwa, anamshika mkono kumpeleka shuleni, ilikuwaje asione. Bado kuna saa nasema hivyo. Kuna saa nakumbuka kwamba alipokuwa ananyonya alikuwa anafumba macho tukitoka nje, nami nikawaambia watu ana usingizi.

Nikija huko, nitarudi wapi? Na huyu wa tumboni nitamlea na nani? Nakupigia magoti, yaya. Ukiandika tena, andika kama mama yake. Joëlla umwambie… sijui umwambie nini.

Huguette


Buterere, tarehe 14 mwezi wa saba, 2024

Huguette,

Leo sikusalimu. Uthmani atakupa hii, ukiisha kuisoma uifanye unavyotaka.

Unauliza ilikuwaje mwalimu asione. Uliza tu, una haki, mimi najiuliza kabla ya kuosha uso. Lakini mimi nimebaki hapa na swali hilo na mtoto mwenyewe. Wewe umelichukua swali peke yake, ukaenda kulisoma chooni.

Wamempasua jicho la kulia. Amefungwa bandeji na anafikiri ni kile kitambaa cha mchezo. Siku ya kwanza alininyooshea mkono, akasema, "Leta mufuko." Nilimpa mfuko kitandani. Alitoa M, akatoa A, akatafuta nyingine mbili za kufanana na hizo, na hizo nne sasa haziachi. Analala nazo chini ya shavu, msasa umemchubua. Kila asubuhi anauliza, "Meli ilishafika?" Mjomba Cirimwami, ambaye hajui kusema uongo hata kwa polisi, anamwambia mashine imekufa.

Unaniomba niandike kama mama yake. Sitaandika. Mama yake yupo, ana mikono na miguu na nyumba ya matofali. Panda meli na tumbo lako hilo. Akikufukuza, utakuja kukaa kwenye matope haya pamoja nasi, hatujawahi kumfukuza mtu. Chumba ni kilekile ulichokiacha.

Daktari anasema tutajua bandeji ikitoka. Akifunguliwa, nataka uso wa kwanza uwe wako.

Consolée


Buterere, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, 2024

Kwa shemeji yangu Léonce na mdogo wangu Huguette,

Bwana asifiwe. Nimechelewa kuandika, mnisamehe. Nilikuwa nangoja jibu la barua yangu ya mwisho, kisha nikaacha kungoja. Shemeji, kwa kuwa wewe ndiye unayesoma barua za nyumbani, nakuandikia wewe, na mdogo wangu akusikilize.

Uthmani ametuambia mmepata mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye afya, naye mama mtu amenyanyuka salama. Tumefurahi. Mjomba Cirimwami alitaka kunywa bia mbili kwa heshima ya mtoto, akanywa moja, akasema nyingine haishuki. Mvua imeanza tena na tumeinua vitanda juu ya matofali.

Mlisema mnamwombea binti yangu Joëlla. Binti yangu haoni tena. Alipofunguliwa bandeji aliona kidogo, aliniona mimi, akanishika pua akasema, "We uko na alama apa." Ni kovu langu la utotoni, hakuwahi kuliona. Tulikuwa na mwanga huo mpaka mwezi wa tisa. Kisha siku moja darasani, mchana, jua likiwaka, akaniuliza kwa nini nimefunga madirisha. Madirisha yalikuwa wazi. Nilimwambia kuna upepo.

Mchezo wa mfuko anaushinda bado, ila wenzake wameacha kumpigia makofi. Wameambiwa na wazazi wao kwamba ni kipofu, na sasa wanaona si haki. Bwana Méthode naye amesema mwaka huu amalize, mwaka ujao asirudi, kwa sababu mbele kuna kusoma ubaoni na shule haina namna. Nilimkumbusha kwamba anajua herufi zote. Alisema, "Anazijua za musasa tu, mwalimu. Kitabu haina musasa."

Alikuwa na herufi nne ambazo hakuziachia hata akioga. Alikuwa amemwekea mtu fulani ambaye alikuwa anamngoja aje kwa meli. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa nachambua mchele, akaja akipapasa, akaniwekea mapajani, moja moja, akizipanga kwa kidole. Nikamwuliza ni za nani. Akasema, "Ni zako. Meli haikuji." Katoni imelegea na msasa umekwisha, ukipitisha kidole hakikwaruzwi tena. Nimezipokea. Sikumsahihisha, na sitamsahihisha.

Kabla ya kuandika barua hii nilimwuliza ana salamu gani kwa mama yake mdogo wa Kalemie. Alifikiri sana, ni mtoto mwenye adabu. Kisha akaniuliza, "Mama mudogo ndo nani?" Nikamwambia ni mdogo wangu, alimpa gauni la njano. Akasema, basi umwambie asante.

Sasa, shemeji, jambo ambalo ndilo hasa limenikalisha kuandika. Uthmani alipokuwa anatusimulia habari za mtoto wenu, alisema kila anayeingia nyumbani kwenu anayasifu macho yake. Alisema hajawahi kuona mtoto mchanga mwenye macho makubwa mazuri hivyo. Alituambia kwa furaha, na hakuelewa kwa nini niliinuka nikatoka nje.

Nakuomba ufanye jambo dogo. Mchukue mtoto mchana, umtoe mlangoni, umtazame juani. Akifumba macho na machozi yakimtoka, asiwepo mtu wa kukuambia ana usingizi, wala anamlilia mama yake. Mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Mwambie ni damu ya ukoo wa mama, ilimpata bibi yake, ikampata na dada yake. Mdogo wangu yuko hapo karibu nawe, anakusikiliza. Muulize, naye atakueleza kwa nini nimeandika dada.

Ni mimi,
Mama Joëlla